Barua ya wazi kwa wakuu wa mji: njooni siku ya mvua

Waheshimiwa,

Siandiki kuhusu mafuriko. Mafuriko mnayajua, na yakitokea mnafika mkiwa mmevaa mabuti, wapiga picha wametangulia. Naandika kuhusu mvua ya kawaida, ile ya Jumanne iliyopita, ambayo haikubomoa nyumba, haikuua mtu na haikutajwa kwenye taarifa ya habari. Ilianza saa kumi alfajiri, ikakatika saa tisa alasiri. Basi. Lakini siku ile moja ilitosha kutuonyesha mimi na mke wangu mambo ambayo nadhani kutoka ofisini kwenu hayaonekani, maana madirisha yenu yako juu na magari yenu huingia mpaka chini ya paa.

Nijitambulishe kidogo. Nina miaka 74. Nilifanya kazi ya barabara miaka 34, nikianza kama kijana wa kuwashikia wapimaji fito zao na kumalizia kwenye usimamizi wa ujenzi. Mke wangu ana miaka 71, alikuwa muuguzi, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliimalizia wodi ya mifupa. Nayasema haya msije mkadhani ni wazee wawili wanaolalamika kwa kuwa hawana la kufanya. La kufanya kweli hatuna, ila tunayoyasema tunayajua.

Paa letu linavuja mahali pamoja tu, juu ya ujia unaotoka chumbani kwenda msalani. Hilo halikuwahusu ninyi, ni deni langu mwenyewe. Nilikuwa napanda kuziba kila mwaka mpaka mke wangu alipoificha ngazi. Kwa hiyo mvua ikianza tunatega ndoo. Mwanzoni tone linagonga kitako: ta, ta, ta. Maji yakishakusanyika sauti inalainika, inakuwa nzito. Mke wangu analala huku sikio liko kwenye ndoo. Ikifika sauti fulani ambayo mimi hadi leo siitambui, ananigusa bega: "Baba, imefika nusu." Nusu ndiyo mwisho wetu, kwa sababu ndoo iliyojaa hakuna kati yetu anayeweza kuinyanyua.

Mimi natumia dawa ya presha ya aina ile inayokojoza. Anayeitumia anajua: ukishaimeza, saa chache zinazofuata si zako, na hata usiku haukupi amani. Kabla hakujapambazuka napita kwenye ujia ule mara tatu, mara nne, gizani, sakafu ina unyevu. Mke wangu ametandika taulo kuukuu kuzunguka ndoo, na ukutani nimepigilia chuma cha kushikia. Kinga yetu nzima ni hiyo, taulo na chuma. Naomba mkikumbuke chuma hicho, nitakirudia.

Wala msidhani tunaichukia mvua. Enzi za kazi ilikuwa adui yangu: mashine zinasimama, vibarua wanajibanza chini ya lori, kifusi kinageuka uji. Sasa imekuwa mgeni wa kukaa naye. Inakaa mlangoni na kukuzuia kwenda kule ambako tangu mwanzo hukutaka kwenda. Tunafungua dirisha kidogo tusikie harufu ya udongo uliolowa, tunacheza karata. Mke wangu ananiibia. Tumeoana miaka 46, ananiibia, na bado sijamkamata.

Kuna pia ubishi wetu wa kudumu kuhusu goti langu la kushoto, ambalo husema kutanyesha kabla ya mtabiri wa redioni. Mke wangu, kwa uuguzi wake, ananiambia ni mawazo tu, na ana ushahidi: Marekani walichambua kumbukumbu za matibabu ya wazee, ziara za kwa daktari zaidi ya milioni 11, wakachapisha mwaka 2017 kwamba hawakuona uhusiano wowote kati ya mvua na maumivu ya viungo. Nami nina ushahidi wangu: Uingereza watu zaidi ya 2,600 walijirekodia maumivu yao kila siku kwa simu, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba unyevunyevu, upepo na kushuka kwa kanieneo ya hewa vinaongeza maumivu, japo kidogo. Kidogo si sifuri. Goti lenyewe halijasoma utafiti wowote, linauma tu.

Kwa hiyo siku kama hiyo, ingekuwa yetu, tungebaki ndani. Lakini Jumanne haikuwa yetu, ilikuwa yenu.

Jumatatu jioni simu ya mke wangu ililia. Ujumbe ulisema wastaafu ambao majina yao yanaanza na herufi fulani hadi fulani wafike wenyewe, kesho yake, kati ya saa mbili na saa sita, kwa ajili ya uhakiki. Asiyefika, malipo yake yatasimamishwa. Kwa asiyejua, uhakiki ni kwamba mstaafu anakwenda kuonyesha kuwa bado hajafa. Sina ugomvi na jambo lenyewe. Wapo watu waliokula pensheni za marehemu, na fedha ile ni ya wote. Ugomvi wangu ni na maneno mawili tu ya ujumbe ule: "wafike" na "kesho".

Tulitoka saa moja na nusu asubuhi, mwavuli mmoja watu wawili. Tunao wa pili, lakini mimi mkono mmoja una bakora na mwingine lazima uwe huru. Mke wangu akashika mwavuli, mimi nikamshika yeye, tukaanza safari ya mita kama 350 hadi kituoni.

Hapa mnivumilie, naingia kwenye kazi yangu. Barabara hujengwa ikiwa na mgongo: katikati juu, pembeni chini, kiasi cha sentimita 2 au 2 na nusu kwa kila mita. Mvua ikinyesha maji yanakimbilia pembeni, yanafuata ukingo wa njia ya miguu mpaka kwenye mdomo wa mtaro, yanazama. Kazi nzima ni hiyo, na inafanyika vizuri mwaka wa kwanza. Lami ikichakaa mnamwaga nyingine juu yake bila kuikwangua ya zamani, kwa sababu kukwangua ni gharama na mwenye haraka haoni faida yake. Sentimita 5 leo, sentimita 5 nyingine baada ya miaka kadhaa. Barabara inapanda, njia ya miguu iko palepale, mdomo wa mtaro unafunikwa nusu. Ukingo uliokuwa na kimo cha sentimita 15 unabaki na 5. Maji yakija hayana pa kuingilia, basi yanapanda kwetu. Nimeona wakuu wakikata utepe kwenye lami ya aina hiyo na kupigiwa makofi. Nikiri, kwenye shughuli moja ya namna hiyo nami nilikuwepo, nilipiga makofi, na mshahara wangu ulitoka hapo.

Niliinama kuchungulia mtaro mmoja. Ulikuwa umejaa chupa za plastiki na matope yaliyoota majani, majani ya kimo cha kiganja, maana yake haujaguswa kwa misimu miwili angalau. Mke wangu akanivuta. "Baba, acha kuchungulia mitaro ya watu, tutachelewa kuwa hai."

Kituo cha basi kina paa, nakubali, na hilo tunashukuru. Aliyelichora alilitosheleza paa mpaka kwenye ukingo wa benchi, si zaidi. Kwa hiyo maji yote ya paa yanamwagikia magotini mwa aliyeketi. Watu walikuwa wamesimama nyuma ya benchi, wamejibana ukutani, benchi tupu linaoga peke yake.

Basi lilipofika tukakutana na dimbwi. Lilikuwa limelala kando ya kituo, urefu wa basi zima, upana wa hatua moja na nusu. Dereva, kwa wema wake, hakutaka kuturushia maji, akasimama mbali na ukingo. Sasa kati yetu na mlango kuna hatua moja na nusu ya maji ya kahawia ambayo hujui chini yake kuna nini. Kijana aliyekuwa mbele yetu akaruka. Sisi tukafanya kikao. Tuingie majini? Viatu vikilowa vitateleza kwenye ngazi za basi. Tusubiri lingine? Litasimama hapohapo. Tuzunguke dimbwi kupitia barabarani? Hapo mke wangu alisema neno moja, "Mifupa," na hoja ikafa. Tuliingia majini. Kina chake kiliishia chini ya kifundo cha mguu na yalikuwa yametulia, ndiyo salama yetu. Maji yanayokwenda kwa kasi, hata ya sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee wenyewe katika miji zaidi ya 30 ya nchi mbalimbali. Nimeusoma wote, mstaafu ana muda. Unataja jambo hilihili: basi lisimame sambamba na ukingo, na dereva asiondoke kabla abiria hajaketi. Lakini dereva atautii vipi mwongozo huo kama ukingoni kuna bwawa? Adabu ya dereva wetu inaanzia kwenye mtaro wenu.

Kuhusu kuvuka barabara upande wa pili sitasema mengi. Taa za waenda kwa miguu katika nchi nyingi hupangwa kwa kukadiria kuwa mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 12 inakupa sekunde 10. Mke wangu, siku kavu, anatumia 17. Siku ya mvua hatujapima, kwa sababu wa kushika saa alikuwa ameshikwa.

Sasa ofisi yenyewe. Siitaji ni ofisi gani, kwa kuwa sitaki kijana mmoja wa mapokezi abebeshwe mzigo wa watu wengi. Ni jengo jipya, zuri, lina vigae vinavyong'aa mpaka nje mlangoni. Vigae vile vikipata maji vinakuwa sabuni. Kuna vipandio saba vya kupandia. Chuma cha kushikia kipo, cha pua, kinapendeza, ila kinaanzia kipandio cha tatu. Nani anahitaji chuma kwenye kipandio cha tatu akiwa ameshindwa cha kwanza? Mke wangu alisimama pale akavihesabu kwa kidole kama anayehesabu vidonge, akahesabu tena. Saba. Cha tatu. Nyumbani kwangu chuma kinaanza pale hatari inapoanza, na sikuajiri mchoraji.

Mbele ya ngazi kuna uwanja wa saruji ambapo foleni ilipangwa. Niliupima kwa hatua, mazoea tu: kama mita 30 kwa 20. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Uwanja ule una mita za mraba 600, kwa hiyo mvua ya milimita 25 inaletea hapo lita 15,000. Nilitafuta zinakokwenda. Mteremko unaelekea mlangoni. Yaani aliyeusawazisha alikusanya maji yote ya uwanja na kuyapeleka pale wanaposimama watu wenye wastani wa miaka sabini, wakiwa wamekuja kuthibitisha uhai wao.

Mke wangu ana msemo aliotoka nao wodini: mzee haanguki, anaangushwa. Anaangushwa na kigae, na zulia lililojikunja, na taa iliyoungua wiki tatu hakuna wa kuibadilisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu wapatao 684,000 hufa duniani kwa kuanguka, na kwamba katika vifo vya ajali kuanguka ni cha pili baada ya ajali za barabarani. Wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Mke wangu takwimu hazimsisimui. Yeye anakumbuka vitanda. Anasema mgonjwa wa nyonga aliyevunjika huwa anakuja na viatu vyake vizuri, kwa sababu siku aliyoanguka alikuwa anakwenda mahali rasmi.

Tulisimama nje saa moja na dakika arobaini. Na hapa nafika kwenye jambo ambalo mke wangu alinikataza kuliandika, kisha usiku akabadili mawazo, akasema liandike. Ile dawa yangu niliimeza saa kumi na mbili asubuhi. Ilipofika saa tatu nilihitaji choo. Mlinzi, kijana mpole, aliniambia choo ni cha watumishi. Nikamwambia mwanangu, nimekuwa mtumishi miaka 34. Akacheka kwa aibu, akasema amri si yake. Nikarudi kwenye foleni. Ukiwa na miaka 74, kwenye baridi, miguu imelowa, maji yanachuruzika kila upande wako na unayasikia, sihitaji kuwaeleza zaidi. Mama mmoja nyuma yetu aliondoka kwenye foleni akaenda nyuma ya jengo, mvuani. Aliporudi hakuna aliyemtazama. Sote tulijua na sote tuligeuza macho kumstahi. Watu waliofundisha, waliotibu, waliojenga, tumesimama tunatazama ukuta.

Zamu yetu ilifika saa nne na robo. Kijana wa dirishani alichukua vitambulisho vyetu, akaandika, akasubiri, akaandika tena. Akasema mtandao unasumbua kwa sababu ya mvua, turudi siku nyingine.

Nikamwuliza, "Mwanangu, mimi unaniona?"

"Nakuona mzee."

"Niko hai?"

"Uko hai mzee, lakini mfumo haujakuona."

Simlaumu. Alisema kweli tupu, na alisema kwa heshima. Lakini nimelala na sentensi ile siku tano sasa. Tulipita dimbwi, taa, vigae, vipandio saba na dakika mia moja za mvua kwenda kuthibitisha kuwa tuko hai, mahali ambapo kuteleza mara moja tu kungemaliza ubishi.

Uhakiki si lazima uwe hivyo. India, nchi yenye wastaafu wengi kuliko tunavyoweza kuwaza, ilianzisha cheti cha uhai cha kidijitali mwaka 2014. Mstaafu anathibitishwa kwa alama za vidole, na tangu 2020 anaweza kumwita mtu wa posta aje na kifaa nyumbani. Wenye miaka 80 na zaidi wanapewa mwezi mmoja wa ziada kuliko wengine, wanaanza Oktoba wakati wenzao wanaanza Novemba. Sisemi kwao hakuna matatizo. Alama za vidole za wazee huchakaa, mashine hukataa kuzisoma, nayo ni shida ya kweli. Ila angalau mtu alikaa akajiuliza: huyu tunayemwita, atafikaje?

Swali hilo ndilo naomba liwe linaulizwa kwenu. Mnaposema hakuna fedha za kuwajali wazee, mimi ambaye nimeandaa bajeti za barabara najua fedha kubwa na fedha ndogo. Kuushusha uso wa barabara ni fedha kubwa, nakubali, panga foleni. Kuzibua mitaro kabla ya msimu, badala ya baada ya malalamiko, ni makoleo na ratiba. Kurefusha chuma vipandio viwili chini ni kazi ya fundi mmoja asubuhi moja. Kubandika mkanda wenye kukwaruza kwenye vigae, saa mbili. Kuufungua mlango wa choo ni kugeuza ufunguo. Na kuandika kwenye ujumbe kwamba "mvua kubwa ikitabiriwa, zoezi litahamishiwa wiki inayofuata na hakuna atakayesimamishiwa malipo" ni maneno kumi na moja tu. Nimeyahesabu.

Tena utabiri mnao. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 kwamba ifikapo mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe anafikiwa na tahadhari za hali mbaya ya hewa. Yetu ilifika. Iliingia kwenye simu ya mke wangu saa nane mchana, tukiwa tumesharudi, tumeketi miguu ndani ya beseni la maji ya moto: "Mvua inatarajiwa asubuhi ya leo." Mke wangu aliisoma kwa sauti, tukacheka mpaka akakohoa.

Mtasema hili ni la wachache. Ifikapo 2030, mtu mmoja kati ya kila sita duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi. Sitawaambia kwamba nanyi mtazeeka. Mnajua, na kujua huko hakujasaidia. Pia kila tarehe 1 Oktoba mnatukumbuka, kama Umoja wa Mataifa ulivyoamua Desemba 1990, na mwaka uliofuata ukapitisha kanuni 18 kwa ajili ya wazee, mojawapo ikisema wazee waweze kuishi katika mazingira salama na yanayoendana na uwezo wao unavyobadilika. Mwaka jana siku hiyo mlitugawia fulana zenye maandishi mazuri. Ile yangu ndiyo iko chini ya ndoo sasa, taulo lilipolowa.

Nimalizie siku yetu. Tuliporudi ndoo ilikuwa imefurika, ujia umejaa maji, umeme umekatika. Mke wangu alinikataza kuingia. Akavua viatu, akashika kile chuma changu ukutani kwa mkono mmoja, akavuta ndoo kwa mwingine, sentimita kwa sentimita, mpaka mlango wa nyuma, akaimwaga kwa kuiinamisha. Nilisimama na tochi. Miaka yote ya kazi nimemulikia watu mashimo, sijawahi kumulika kwa woga namna ile. Kisha tukakausha, tukabadili nguo, tukatandaza karata. Akaniibia.

Ombi letu ni hili. Tumepangiwa tena, Alhamisi hii. Msitume mwakilishi wala msifunge mahema. Mmoja wenu aje, akiwa na viatu vya kawaida, bila gari, aanzie kituo chetu cha basi na atembee nasi hadi dirishani. Asiseme ni nani. Asubuhi hiyo anywe maji mengi.

Goti limeanza kuuma tangu jana na redio nayo imekubaliana nalo. Tutakuwa kituoni saa moja na nusu, nyuma ya benchi. Mwavuli wetu ni mweusi, umevunjika ubavu mmoja, anaushika mwanamke.

Wenu,
Mstaafu wa barabara,
pamoja na mstaafu wa wodi ya mifupa, aliyesahihisha barua hii na kuondoa maneno makali mawili